Dk. Hugh Trowell: Tabibu aliyetafuta siri ya mishipa ya moyo Afrika Mashariki

MWAKA 1956 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya kurasa chache kuhusu mgonjwa mmoja tu. Mgonjwa huyo alikuwa Mwafrika, na maradhi yake yalikuwa ya kuziba kwa mishipa inayolisha moyo. Leo taarifa ya namna hiyo isingemshughulisha mhariri yeyote, kwani wagonjwa kama yule hupokelewa kila siku katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na katika hospitali nyingine za rufaa nchini. Wakati ule, hata hivyo, ilikuwa habari nzito. Madaktari wengi wa Kizungu waliamini kwamba moyo wa Mwafrika hauugui maradhi hayo.

Aliyeandika taarifa hiyo, akishirikiana na mwenzake Singh, ni Dk. Hubert Carey Trowell, ambaye wenzake walimwita Hugh. Alikuwa amekwisha kukaa Afrika Mashariki kwa zaidi ya robo karne, na katika muda wote huo alikuwa akisubiri kumwona mgonjwa wa aina hiyo. Maisha yake yote ya kazi yalizunguka swali moja: kwa nini watu wa nchi moja huugua maradhi ambayo watu wa nchi nyingine hawayajui?

Swali hilo halijafungwa. Miaka ya karibuni limerejea kwa sura mpya, na sehemu ya jibu lake imetoka Tanzania, katika utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kuhusu chakula na uvimbe wa ndani ya mwili. Ili kuelewa uzito wa matokeo hayo, yafaa kumjua mtu aliyelishughulikia swali hilo tangu siku za ukoloni.

Kutoka London hadi Machakos

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, na mwaka 1929 aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alifuatana na mkewe, Margaret, msanii aliyekuwa amesomea uchoraji na ualimu wa sanaa. Wakati daktari akihudumia wagonjwa, mkewe alijifunza ufundi wa Wakamba wa huko Machakos, hasa ususi na uchongaji.

Mwaka huo huo wa 1929, daktari mwingine aliyefanya kazi upande wa magharibi wa Kenya, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wapatao 1,000. Alichokiona kiliwashangaza wasomaji wake. Ulaya shinikizo la damu lilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Kwa watu aliowapima Donnison halikupanda hivyo, na kwa wazee lilishuka. Mishipa iliyokakamaa kwa ugonjwa hakuiona.

Trowell alikuta hali kama hiyo. Wodi zilijaa malaria, nimonia, kifua kikuu, kuhara, minyoo na kaswende. Watu walikuwa wembamba, na mtu mwenye kitambi alikuwa nadra kuonekana. Kwa mkoloni wa kawaida maelezo yalikuwa mepesi: Mwafrika ana mwili wa namna yake. Trowell hakuridhika na maelezo hayo. Alianza kuandika na kuhifadhi orodha ya maradhi yaliyojaa katika vitabu vya Ulaya lakini hayakuonekana katika wodi zake.

Mulago na watoto wenye nywele nyekundu

Mwaka 1935 familia hiyo ilihamia Uganda. Trowell aliingia Hospitali ya Mulago, Kampala, na kufundisha katika shule ya udaktari ya Makerere, ambayo ilipokea vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Miongoni mwa Watanganyika waliopitia shule hiyo katika miaka ambayo Trowell alikuwapo ni Dk. Vedasto Kyaruzi, ambaye baadaye aliongoza chama cha TAA kabla ya uongozi huo kushikwa na Julius Nyerere mwaka 1953.

Mkewe naye aliacha alama yake. Madarasa ya kuchora aliyoyaanzisha nyumbani kwake yalikua hadi kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo ilipewa jina lake. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyekuja kuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, alikuwa mwanafunzi wake. Elimo Njau, aliyechora picha maarufu za ukutani za kanisa la Murang'a, alipitia shule hiyo pia.

Vita vya kwanza vya Trowell pale Mulago vilihusu watoto. Waliletwa wakiwa wamevimba miguu na uso, ngozi ikibambuka, nywele zikiwa nyekundu na nyepesi, na wengi walikufa. Daktari mwanamke Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana ya leo, alikuwa amekwisha kuueleza ugonjwa huo na mwaka 1935 akautambulisha kwa jina la kienyeji la Waga: kwashakoo, kama unavyojulikana leo kwa Kiswahili. Wakubwa wa tiba mjini London walimpinga, wakisema ni aina ya ugonjwa wa ukosefu wa vitamini uliokwisha kujulikana.

Mwanzoni Trowell alielekea upande wa wakubwa hao. Lakini vitamini hazikuwaponya watoto wake, na wodi ilimlazimisha kuachana na maoni ya London. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa hoja kwamba kwashakoo ni utapiamlo unaojitegemea, na mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu ugonjwa huo pamoja na Dk. J. N. P. Davies na Dk. R. F. A. Dean. Kwa kitabu hicho jina lake lilijulikana duniani.

Funzo alilolipata hapo lilibaki naye maishani. Chakula kinaweza kuleta ugonjwa unaofanana na maambukizi au kasoro ya kuzaliwa nayo, na daktari asiyeuliza mgonjwa amekula nini atautafuta ugonjwa huo mahali pasipokuwapo.

Mgonjwa wa mwaka 1956

Mgonjwa ambaye Trowell na Singh walimweleza mwaka 1956 hakuwa mkulima wa kijijini. Alikuwa mtu wa daraja la juu, mnene, aliyekwisha kuzoea maisha na chakula cha Kizungu. Kwa Trowell hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ikiwa Mwafrika aliyeishi kama Mzungu aliugua kama Mzungu, basi kinga waliyokuwa nayo Waafrika wengine haikutokana na rangi wala damu yao. Ilitokana na namna walivyoishi, na hivyo ingeweza kupotea.

Ushahidi mwingine ulifuata upesi kutoka Kampala hiyo hiyo. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walilinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda. Watu hao waliishi mji mmoja, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa wa kawaida kwa Waasia na nadra mno kwa Waafrika, na kiasi cha lehemu katika damu kilitofautiana vivyo hivyo. Mwaka 1960 Davies na wenzake wa Marekani walilinganisha uchunguzi wa maiti 632 wa Uganda na mwingine 632 wa mji wa St. Louis, wa watu wa umri na jinsia zinazolingana. St. Louis walikuta mioyo 136 yenye kovu au jeraha la shambulio la moyo. Uganda walikuta mmoja.

Mwaka huo huo Trowell alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu maradhi yasiyo ya kuambukiza barani Afrika. Kwa wakati ule kilionekana kitabu cha ajabu, kwa sababu Afrika ilijulikana kwa maambukizi. Leo wizara za afya za nchi zote za Afrika Mashariki zina vitengo vinavyoshughulikia maradhi aliyoyaorodhesha: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, maradhi ya moyo na saratani.

Trowell mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950. Alirudi Uingereza, akapewa upadri wa Kanisa la Anglikana na kuhudumu katika parokia karibu na mji wa Salisbury. Wengi walidhani kazi yake ya utafiti ilikuwa imekwisha.

Safari ya mwaka 1970

Mwaka 1970 alirudi Afrika Mashariki kwa matembezi. Alichokiona mjini Kampala kilimshtua. Katika miaka ya 1930 ilikuwa vigumu kumpata Mwafrika mnene. Sasa, miongoni mwa wakazi wa mjini wenye uwezo, unene wa kupindukia ulikuwa jambo la kawaida, na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu walikuwa wameongezeka. Rangi za watu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni sahani, kazi na mwendo wa maisha.

Mchungaji huyo mstaafu alirudi kwenye makabrasha yake. Rafiki yake wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye alikuwa amejipatia sifa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, alikuwa naye anafuatilia suala la chakula. Wawili hao walishika hoja moja: nafaka inapokobolewa na kusagwa hadi ikawa nyeupe, nyuzinyuzi zake, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapi-mlo, hutupwa. Pamoja nazo hutupwa kinga dhidi ya maradhi mengi.

Mwaka 1972 Trowell alitoa makala akihusisha upungufu wa makapi-mlo na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ni yeye pia aliyesaidia kuweka maana ya kitaalamu ya neno hilo, ambalo sasa huchapishwa kwenye pakiti za vyakula dukani. Mwaka 1975 alihariri pamoja na Burkitt kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi, na mwaka 1981 kingine kuhusu maradhi waliyoyaita ya Kimagharibi.

Wakosoaji hawakukosekana. Walisema Waafrika wengi wa zamani hawakufikia umri wa kuugua moyo. Walisema vipimo vya umeme wa moyo vilikuwa vichache na walioshambuliwa ghafla walizikwa vijijini bila kufika hospitali. Walisema pia kwamba shinikizo la damu lilikuwa limekwisha kuonekana Mulago hata wakati wake, na kwamba kuita maradhi hayo ya Kimagharibi ni kugawa dunia kama wakoloni walivyoigawa. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini tofauti ya 136 na mmoja, kati ya maiti za umri uliolingana, haikuweza kufutwa na hoja ya umri.

Kilichobaki bila jibu ni namna. Chakula kinafanyaje hadi ukuta wa mshipa ukaugua?

Uvimbe uliosahauliwa

Jibu moja lilikuwa limetolewa mapema mno na Mjerumani Rudolf Virchow. Katikati ya karne ya 19 alichunguza kwa hadubini mishipa ya maiti na kuona kwamba ukuta wa mshipa mgonjwa haukuwa bomba lililoshika kutu. Ulionyesha dalili za uvimbe, yaani kazi ya mwili unaojitetea.

Uvimbe unaozungumzwa hapa ni ule unaojulikana na kila mtu kwa nje. Mtu akichomwa na mwiba, kidole huvimba, huwa chekundu, hupata moto na kuuma. Damu imepeleka askari wake, chembe nyeupe, kupambana na adui. Adui akiisha, askari huondoka na kidole hupona. Virchow aliona kazi ya namna hiyo ikifanyika polepole na kwa siri ndani ya ukuta wa mshipa, mahali pasipo na mwiba.

Wazo hilo lilifunikwa na jingine. Mwaka 1913 Mrusi Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu, na mishipa yao ikajaa mafuta. Tangu hapo lehemu ilitawala mazungumzo, na ndiyo iliyotawala Kampala katika miaka ya 1950. Trowell na wenzake walipima lehemu ya damu. Chembe nyeupe za ukuta wa mshipa hawakuzihesabu.

Baadaye ikajulikana kwamba mambo hayo mawili ni hadithi moja. Lehemu inapozidi katika damu hupenya ndani ya ukuta wa mshipa na kukwama humo. Chembe nyeupe huiona kama adui, huifuata na kuimeza. Hushiba hadi zikavimba kwa mafuta, hufa, na mizoga yake huita nyingine. Rundo hilo hufunikwa na utando mgumu, kama kidonda kinavyofunikwa na gaga. Uvimbe ukiendelea, utando huliwa na kuwa mwembamba. Siku moja hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa huweza kuziba katika muda wa dakika chache. Kwa sababu hiyo mtu aliyeonekana mzima asubuhi anaweza kuanguka mchana. Mwaka 1999 Mmarekani Russell Ross alikusanya ushahidi huo na kuuita ugonjwa wa mishipa kuwa ugonjwa wa uvimbe.

Uthibitisho wa hospitalini ulikuja mwaka 2017. Wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo, na ambao vipimo vya damu vilionyesha uvimbe, walishirikishwa katika jaribio la dawa inayozuia uvimbe bila kupunguza lehemu. Katika kipimo kimoja cha dawa hiyo, mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilipungua kwa takriban asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, kwa sababu askari waliozuiwa kwenye mshipa walizuiwa na kwingineko. Kwa nchi zenye malaria na kifua kikuu, onyo hilo si dogo. Dawa ya bei nafuu zaidi, kolkisini, inayotumika tangu zamani kutibu jongo, ilionyesha faida katika majaribio ya mwaka 2019 na 2020, ingawa jaribio jingine kubwa la mwaka 2024 halikuona faida hiyo.

Ushahidi wa Kilimanjaro

Hapo ndipo swali la Trowell liliporejea Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Godfrey Temba wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC mjini Moshi, pamoja na wenzake wa Tanzania na Ulaya, walichapisha utafiti wa Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Hata hivyo, damu ya watu wa mjini ilikuwa tayari kuzusha uvimbe kuliko damu ya watu wa vijijini, na tofauti hiyo ilihusiana na chakula. Walaji wa vyakula vya asili vya mimea walikuwa na viambato vinavyotuliza uvimbe.

Mwaka 2025 kundi hilo lilikwenda mbele zaidi. Wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro walishirikishwa katika jaribio la wiki mbili. Waliozoea chakula cha asili, chenye mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa chakula cha kisasa chenye mkate mweupe, soseji na chipsi. Waliozoea chakula cha kisasa walipewa cha asili. Kundi jingine lilipewa, kwa wiki moja, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa. Kwa waliohamia chakula cha kisasa, dalili za uvimbe katika damu zilipanda. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili na kwa waliokunywa kinywaji cha ndizi, zilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Makapi-mlo aliyoyapigania Trowell yana sehemu yake katika maelezo hayo. Tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga, lakini bakteria wa utumbo mpana huyachachusha na kutoa asidi nyepesi zinazotuliza chembe za kinga. Mlo usio na makapi huwaacha bakteria hao na njaa. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za makapi-mlo au zaidi kwa siku hufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 15 hadi 30, wakilinganishwa na wanaokula kidogo sana.

Hata hivyo uvimbe peke yake hauelezi yote. Mwaka 2017 wachunguzi waliwapima watu wazima 705 wa kabila la Watsimane huko Bolivia, ambao huishi kwa kulima, kuvua na kuwinda. Maambukizi na minyoo ni mengi kwao, na karibu nusu walikuwa na dalili za uvimbe katika damu. Lakini asilimia 85 hawakuwa na chembe ya chokaa katika mishipa ya moyo. Lehemu yao ni ya chini na miili yao haitulii. Yaelekea moto wa uvimbe huunguza mshipa pale unapokuta kuni, na kuni hizo ni lehemu, sukari nyingi, moshi wa sigara na shinikizo la damu. Waganda wa miaka ya 1950, waliojaa malaria na minyoo lakini wakiwa na mishipa safi, wanafanana na Watsimane hao.

Kutoka Mulago hadi Chumbi

Trowell hakufanya kazi Rufiji. Lakini hoja yake inaonekana vizuri ukiifuata barabara itokayo Mbagala kwenda kusini, kupitia Kibiti na Ikwiriri, kuvuka Daraja la Mkapa hadi Chumbi. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, watu na magari walivuka mto Rufiji kwa kivuko, na mafuriko yaliweza kuutenga upande wa kusini na Dar es Salaam. Mlo wa bonde la Rufiji na delta yake ulitoka mtoni, baharini na shambani: mpunga, mahindi, muhogo, kunde, kisamvu, matembele, mlenda, nazi, samaki na kamba.

Samaki hao nao wana habari yao. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania, uliolinganisha wanavijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, walaji wa samaki, na wanavijiji wa milimani waliokula mimea. Makundi yote mawili yalikuwa na lehemu ya chini. Lakini wala samaki walikuwa na shinikizo la damu dogo zaidi na mafuta bora zaidi katika damu.

Barabara imeleta mengi mema. Mgonjwa wa Chumbi anafika hospitali kubwa kwa saa chache, na mkulima anauza mazao yake Dar es Salaam. Barabara hiyo hiyo hupitisha sembe, sukari, mafuta ya kukaangia ya madumu, soda na tambi. Mtu wa Rufiji aliyehamia Temeke au Mbagala hukutana na vyakula hivyo kila siku, tena akiwa amekaa kwenye duka au kwenye bodaboda badala ya kushika jembe au kasia. Anachokula mjini hurudi nacho kijijini siku ya sikukuu kama zawadi, kwa kuwa chakula cheupe na kitamu ni heshima.

Gharama ya mabadiliko hayo imekwisha kupimwa. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, wilaya ya Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na eneo lililochunguzwa jijini Dar es Salaam lilikuwa na 316. Shinikizo la damu lisilotibiwa lilikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Kwa hiyo kile ambacho Trowell alikiita kinga kimeonekana kuwa amana, tena amana inayoweza kutumika ikaisha katika kizazi kimoja. Jaribio la Kilimanjaro limeongeza habari njema ambayo yeye hakuishi kuisikia: mwili huanza kubadilika ndani ya wiki mbili, kwa upande wa hasara na kwa upande wa faida. Haihitaji dawa ya kigeni. Dona badala ya sembe, kunde na maharage, mboga za majani, samaki wa kuchemsha badala ya nyama za kusindikwa, chumvi kidogo, kuacha sigara, kutembea, na kupima presha katika zahanati ni mambo yaliyo karibu na mtu wa Chumbi na mtu wa Kariakoo kwa pamoja. Aliyekwisha kuugua anahitaji dawa zake na daktari wake, na hapaswi kuziacha kwa kutegemea mboga.

Trowell alifariki dunia mwaka 1989 akiwa na umri wa karibu miaka 85. Mkewe Margaret alikuwa amemtangulia mwaka 1985. Burkitt alifuata mwaka 1993. Mulago imekwisha kuwa na kitengo chake cha moyo, na Dar es Salaam wapo madaktari wa Kitanzania wanaozibua mishipa iliyoziba kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi. Wagonjwa wao wengi ni wajukuu wa watu ambao mwaka 1929 shinikizo lao la damu halikupanda walipozeeka.